Kufufua ndege ndogo ya zamani hatua kwa hatua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndege yetu ni ya viti viwili, kiunzi cha mabomba ya chuma, mabawa ya mbao yaliyovalishwa kitambaa. Iliingia karakana juu ya trela, mabawa yamefungwa kamba ubavuni kama panzi aliyekufa, ikatoka kwa magurudumu yake baada ya miaka 9. Tulipoanza tulijipa miaka 4. Tangu hapo kila anayetaka kuanza kazi ya aina hii hunijia na maswali yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Sheria za usafiri wa anga hutofautiana nchi na nchi. Ninapoitaja mamlaka, nazungumzia yale yanayofanana karibu kila mahali.

Kwa nini hatua kwa hatua? Si bora kuimaliza kwa mkupuo?

Mwenye fedha na muda wa kuimaliza kwa mkupuo, na aimalize. Wengi wetu hatuna vyote viwili kwa wakati mmoja. Lakini nimeona miradi mingi ikifia njiani, na mara chache sababu ilikuwa wingi wa miaka. Watu hawajui hatua inaishia wapi.

Kwangu hatua si "kazi ya mwaka huu". Hatua ni kipande cha ndege ambacho kikikamilika kinaweza kulala miaka miwili bila kuguswa, ukirudi ukakikuta vile vile: kimepakwa, kimekauka, kimefunikwa, na kazi yake imeandikwa na kukaguliwa. Kiunzi kilichopigwa mchanga hadi chuma kikang'aa, halafu kikaachwa uchi kikisubiri fedha ya rangi, hakijafika mwisho wa hatua yoyote. Unyevu wa hewa utakirudisha kwenye kutu kabla hujapata fedha hiyo, na mchanga utaupiga mara ya pili. Kwa hiyo kabla ya kufungua boksi la spana huwa najiuliza: nikilazimika kusimama katikati ya kazi hii, kitu hiki kitalala salama? Kama jibu ni hapana, sianzi mpaka niwe na kila kitu cha kuifikisha mwisho, hadi kopo la mwisho la praima.

Ndege ipi inamfaa anayeanza?

Ile iliyotengenezwa kwa wingi na ambayo vipuri vyake bado vinatengenezwa. Piper J-3 Cub ndiyo mfano wa kwanza: karibu ndege 20,000 zilitoka kiwandani kati ya 1938 na 1947, nyingi zikiwa na injini ya Continental A-65 ya nguvu za farasi 65, na hadi leo unaweza kupata karibu kila kipande chake kikiwa kipya. Aeronca 7AC Champion na Taylorcraft ziko katika kundi hilo hilo. Cessna 120 na 140, zilizoanza kuuzwa 1946, zina bodi ya alumini na mabawa ya kitambaa, kwa hiyo zinakufundisha kazi mbili kwa bei ya maumivu ya moja.

Tiger Moth ni nzuri mno kwa macho. Iliruka mara ya kwanza 1931, ina mabawa manne, mbao nyingi, na nyaya za kukaza ambazo kila moja ina urefu wake na mvutano wake. Kwa mradi wa pili, ndiyo. Kwa wa kwanza, nenda ukaipige picha urudi nyumbani.

Ndege adimu kabisa, ambayo zimebaki tatu duniani, itakufanya mtengeneza vipuri na si mfufua ndege. Wapo wanaoipenda kazi hiyo. Ila ijue kabla hujatia saini ya kununua.

Nikienda kuikagua kabla ya kununua, nianze wapi?

Makaratasi. Najua unataka kuigusa, lakini keti kwanza na vitabu vya kumbukumbu zake. Bamba la utambulisho lipo, na namba yake inalingana na ya vitabu na ya usajili? Ndege yenye bamba na vitabu kamili lakini kiunzi kimepinda inaweza kufufuliwa. Kiunzi kizuri kisicho na bamba ni rundo la vipuri, na kuna nchi ambako hakitapata kamwe cheti cha kuruka. Bamba halichongwi upya na fundi wa mtaani: hilo ni kosa la jinai, usikubali hata kama muuzaji anasema kila mtu hufanya.

Halafu angalia maagizo ya lazima ya usalama yanayoihusu aina hiyo. Hutolewa na mamlaka baada ya kasoro kugundulika kwenye ndege nyingi, mara nyingi baada ya watu kufa. Kwa Piper za zamani kuna agizo linalohusu nguzo zinazoshikilia mabawa kutoka chini: nguzo za mwanzo ziliachwa wazi kwa ndani, maji yakaingia, chuma kikaliwa kuanzia upande usioonekana. Lazima zikaguliwe kila baada ya muda uliowekwa, au zibadilishwe kwa zilizozibwa kabisa. Kama muuzaji hajawahi kusikia habari hiyo, umeshajua ndege imetunzwaje.

Ndipo sasa upige magoti kwenye mkia.

Kwa nini mkia?

Kwa sababu ndege ya gurudumu la nyuma hukaa imeinua pua, na maji yote yaliyoingia ndani ya kitambaa huteremka yakakusanyika chini, penye mabomba mawili marefu ya chini karibu na gurudumu la mkia. Hapo ndipo kiunzi huoza kwanza. Rangi inaweza kuwa nzima kabisa kwa nje.

Fundi mzee aliyetusaidia alikuwa na mtarimbo mdogo wenye ncha butu. Aligonga bomba kila baada ya upana wa vidole viwili, akisikiliza. Tok, tok, tok. Karibu sentimita 40 kabla ya mwisho sauti ikawa nzito, na pigo lililofuata likazama. Alipoutoa mtarimbo, kishimo kilikuwa na kingo nyembamba kama ganda la yai, na unga wa rangi ya udongo mwekundu ukamwagika kwenye kiatu chake. Muuzaji alikuwa amesimama hapo hapo. Bei ikashuka bila sisi kufungua mdomo.

Omba ruhusa kabla ya kugonga, bila shaka. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Bomba lililooza linatengenezeka?

Ndiyo, na si kazi ya kutisha. Sehemu iliyokufa hukatwa, bomba jipya la chuma cha daraja lile lile na unene ule ule huingizwa na kuchomelewa kwa kiungo cha mshazari au chenye mkono wa ndani. Vipimo vyake vipo kwenye miongozo ya matengenezo. Wa mamlaka ya Marekani, AC 43.13-1B, hutumiwa na mafundi hata nje ya nchi hiyo. Mchomeleaji awe wa ndege. Anayechomelea mageti anaweza kuwa fundi hodari sana na bado akakuachia kiungo kigumu kama kioo, kitakachopasuka kwa mtikisiko.

Kabla ya kukata chochote, funga kiunzi kwenye jigi, yaani fremu imara inayokishika kisipinde. Bomba likitolewa bila jigi, kiunzi hujivuta, na utakuja kuligundua hilo miaka mitano baadaye milango ikikataa kufunga. Baada ya kuchomelea, wengi humimina mafuta ya kitani yaliyopashwa moto ndani ya mabomba, wakayazungusha, wakayachuruza, kisha wakaziba matundu. Utando unaobaki ndani huzuia kutu. Kiunzi chetu bado kinanuka mafuta hayo siku za joto.

Nianze na kipande kipi?

Usukani wa mkia. Ni mdogo, unaingia kwenye meza, na una kila kazi utakayokutana nayo baadaye: kufungua, kusafisha chuma, kupaka praima, kuvalisha kitambaa, kushona, kupaka rangi, kujaza karatasi. Ukiuharibu unarudia bila kulia. Baada ya hapo elaveta (bapa la mkiani linaloinua na kushusha pua) na sehemu nyingine za mkia, kisha bawa moja, kisha la pili, kisha kiunzi cha bodi.

Injini iwe ya mwisho. Watu huanza na injini kwa sababu inafurahisha, na kwa sababu wageni wakija kuna kitu cha kuwaonyesha. Injini iliyofanyiwa matengenezo makubwa halafu ikakaa miaka sita ikisubiri mabawa itahitaji kufunguliwa tena. Dhamana ya mafundi imeisha, mipira imekauka, na ringi za pistoni zimekaa mahali pamoja mpaka silinda zimeshika kutu. Iandae ilale salama siku ya kwanza, halafu iache.

Nawezaje kukumbuka kila kitu kilikaa wapi?

Huwezi. Kubali hilo mapema.

Kipande unachokifungua leo utakirudisha baada ya miaka sita, na mtu atakayekirudisha ni mwingine, hata kama ana jina lako. Andaa kila kitu kana kwamba unamwachia mgeni. Piga picha kabla ya kugusa, piga wakati bolti imelegea nusu, piga baada ya kutoa. Weka rula kwenye picha. Piga na sehemu zinazochosha: njia ya waya wa breki, upande ambao kichwa cha bolti kinatazama, idadi ya washa chini ya kila nati. Washa hasa. Hakuna mtu anayekumbuka washa.

Kila bolti iende kwenye mfuko wake pamoja na lebo, na mifuko ya sehemu moja iingie boksi moja. Sisi tuliandika lebo kwa kalamu ya wino wa kawaida. Mwaka wa nne tulifungua boksi la bawa la kushoto tukakuta mifuko 31 yenye karatasi nyeupe safi, kana kwamba hakuna aliyewahi kuandika. Tulipoteza karibu miezi miwili tukipima bolti moja moja na kulinganisha na michoro ya kiwanda. Tumia penseli au vibao vya alumini vilivyochongwa namba, na nakala ya orodha ikae jengo jingine.

Usitupe kitu chochote kilichooza. Ubavu wa bawa uliovunjika vipande vinne bado ni kielelezo cha ubavu mpya. Kitambaa cha zamani nacho usikichane ovyo: kikate kwenye mshono na ukihifadhi, kwa sababu kinaonyesha viraka, matundu ya kuchuruzia maji na mikanda ya kuimarisha vilikaa wapi.

Nitajuaje kama mbao za bawa bado zinafaa?

Mbao za ndege hizi kwa kawaida ni sprusi, na boriti kuu ya bawa ikiwa nzima inaweza kuwa na umri wa miaka 80 na bado ikafanya kazi. Vitu vitatu vinaiua: kuoza, gundi kuachia, na nyufa za mgandamizo.

Kuoza kunaonekana na kunanuka. Gundi ya kaseini, iliyotengenezwa kutokana na maziwa na kutumika sana enzi hizo, haistahimili unyevu. Ukungu huila, na kiungo kilichokuwa imara kinafunguka kwa kidole. Gundi za epoksi za leo zimelimaliza tatizo hilo, mradi mbao zisafishwe hadi kwenye nyuzi mpya.

Nyufa za mgandamizo ndizo za kuogopa. Hutokea bawa linapogonga ardhi au kupigwa vibaya: nyuzi za mbao upande uliobanwa hujikunja zikakatika, bila boriti kuachana. Kinachobaki ni mstari mwembamba unaokata nyuzi kwa upana, kama mkunjo wa karatasi. Ukimulika tochi kutoka mbele huuoni kabisa. Lala chini, weka tochi iwe sambamba na uso wa boriti ili mwanga upite ukiikwaruza, halafu sogea polepole. Angalia zaidi karibu na mahali nguzo ya bawa inapofungwa, na kando ya vibao vya kuimarishia. Ukiuona mstari huo hakuna gundi wala kiraka. Boriti imekufa.

Kwa ndege zilizowahi kugusa ncha ya bawa chini, hata kidogo, mimi hutaka kuona boriti nzima ikiwa wazi. Kuchungulia kwa kioo kupitia matundu ya ukaguzi hakunitoshi.

Pamba au poliyesta?

Poliyesta, isipokuwa ndege ni ya jumba la makumbusho.

Pamba ya daraja A inapokuwa mpya hubeba ratili 80 kwa kila inchi ya upana, na ikishuka chini ya 56 inang'olewa. Ndege nyepesi na za mwendo mdogo zimeruhusiwa kutumia ile ya ratili 65, ambayo kikomo chake ni 46. Jua ndilo linaloimaliza, na ndege inayolala nje huvua nguo yake baada ya miaka michache. Poliyesta huoza taratibu zaidi, mradi mionzi ya jua izuiwe na tabaka la fedha, yaani rangi yenye unga wa alumini inayopakwa chini ya rangi ya nje. Watu wanaopenda urembo huibana tabaka hiyo ili ndege iwe nyepesi. Usiibane. Washa taa ndani ya bawa usiku: ukiona mwanga ukipenya, jua litapenya pia.

Poliyesta hukazwa kwa pasi. Hatua ya kwanza nyuzi joto 121 za Selsiasi, ya mwisho 177, na ukizidisha hapo kitambaa huanza kulegea badala ya kukaza, na hakirudi. Namba za kwenye kitufe cha pasi ni hadithi tu. Pasi yetu ilipoandika kati ilikuwa imeshapita kikomo. Tuliligundua hilo kwa kipimajoto tulichokibandika chini yake, baada ya kuharibu elaveta moja. Pima pasi yako kila asubuhi ya kazi.

Na chagua mfumo mmoja wa kuvalisha ulioidhinishwa, uufuate kutoka gundi hadi rangi ya juu. Kuchukua gundi ya huyu, praima ya yule na rangi ya duka la magari ni kujitafutia ngozi inayobanduka hewani. Praima ya kiunzi nayo iwe epoksi, kwa sababu viyeyusho vya gundi ya kitambaa huinyanyua rangi ya kawaida ikakunjamana kama ngozi ya maziwa.

Na dopi ya zamani, ile rangi ya kukaza kitambaa, je?

Bado ipo. Dopi ya naitreti hushika kitambaa vizuri, ya butireti hupakwa juu yake, wala si kinyume chake. Jua tu kwamba naitreti ni nduguye baruti: hata cheche ya nguo ya nailoni inaweza kuiwasha. Wanaoitumia humwagia sakafu maji, huvaa pamba tupu, na hawafagii unga mkavu.

Lazima kushona kitambaa kwenye mbavu? Gundi haitoshi?

Kama kiwanda kilishona, unashona. Juu ya bawa hewa hunyonya kitambaa kwenda juu, na bila uzi kitaachana na mbavu kikavimba. Umbali kati ya fundo na fundo hutegemea mwendo wa juu kabisa wa ndege, na hupungua kwenye sehemu inayopigwa na upepo wa propela. Bawa moja lina mamia ya mafundo. Alika watu wanaopenda kuzungumza, mmoja juu, mmoja chini, sindano ipite katikati.

Injini imelala miaka 20 lakini inazunguka. Niiwashe nione?

Hapana. Na uache kuizungusha propela kwa mkono kila ukipita, hata kama babu alikuambia inasaidia. Mzunguko ule wa polepole unakwangua utando wa mwisho wa oili kwenye kuta za silinda na hauleti mwingine.

Fungua plagi, nyunyizia oili ya kuhifadhia ndani ya silinda, ziba matundu kwa plagi zenye vidonge vya kunyonya unyevu, funika mabomba ya moshi na mdomo wa kabureta. Vidonge hubadilika rangi vikishiba, vikaushe urudishe.

Zamu yake ikifika, injini ifunguliwe yote na fundi mwenye leseni ya injini. Krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ichunguzwe nyufa kwa sumaku; kamshafti, mhimili unaofungua valvu, itazamwe vishimo vya kutu. Hapa aina ya injini ina maana: kwenye Lycoming nyingi kamshafti iko juu ya krankshafti, oili huteremka ikaiacha kavu, ndiyo maana hushika kutu haraka injini ikilala. Kwenye Continental ndogo iko chini, ina nafuu kidogo. Magneto, vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, zifunguliwe, mipira yote ya mafuta itupwe hata kama inaonekana mizima, na kabureta isafishwe, kwa sababu petroli iliyokaukia ndani huacha gundi ya kahawia kwenye vijitundu vyake.

Bolti za duka la vifaa vya ujenzi zinafaa kwa muda?

Hapana, hata kwa muda. Za muda husahaulika zikaruka.

Kuna sumu gani nisizozijua?

Nyingi kuliko unavyodhani, na hazina harufu ya kukuonya. Namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani kwenye vipimo vya zamani mara nyingi zina radiamu, yaani madini yenye mionzi. Kwamba hazing'ai tena haimaanishi kitu: kilichochoka ni rangi inayotoa mwanga, radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya takriban miaka 1,600. Usifungue kioo, usipige msasa, usipulize vumbi lake. Peleka kwa karakana iliyoruhusiwa.

Praima ya kijani-njano iliyo kwenye alumini ya zamani ina kromati, ambayo huleta saratani; ifanyie kazi ikiwa imeloa, ukiwa na barakoa ya kichujio. Bolti zenye ngozi ya kadmiamu zisipashwe moto wala kuchomelewa, moshi wake huua mapafu. Gaskiti na blanketi za ukuta wa injini huenda zina asbesto. Rangi za poliyurethani za kopo mbili hutoa isosayaneti, na hizo zinahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Ya kichujio haitoshi.

Na ukikuta kiota cha panya ndani ya bawa, vaa glavu. Mkojo wake hula alumini hadi ikatoboka.

Nahitaji nafasi kiasi gani?

J-3 ina mita 10.7 kutoka ncha hadi ncha, lakini mabawa yakitolewa, kila moja ni kama mita 5. Karakana ya magari mawili inatosha kwa kila kitu isipokuwa siku ya mwisho. Mabawa yakae wima kwenye vitanda vyenye godoro, ukingo wa mbele chini, mbali na njia ya watu wanaobeba ngazi.

Niongeze redio, stata, breki bora, viti vizuri?

Kila kitu kina uzito. J-3 tupu ina takriban kilo 345, na uzito wote ulioruhusiwa ni kilo 553 hivi. Toa watu wawili na mafuta, uone kinachobaki. Nimeona Cub iliyorudi na stata, betri, zulia na rangi iliyosuguliwa hadi ikawa kioo; ilikuwa tamu kuitazama na nzito kama mlango wa benki. Mabadiliko mengi pia yanahitaji idhini ya mamlaka, na idhini huombwa kabla ya kutoboa tundu. Mikanda ya mabega ndiyo nyongeza pekee ninayoitetea kwa nguvu.

Na rangi nzito kwenye eleroni (bapa la nyuma ya bawa linalolaza ndege upande) au usukani wa mkia inaweza kuvuruga mizani yake, zikaanza kupepea hewani. Aina zinazotakiwa kupimwa mizani zipimwe upya baada ya rangi.

Mkaguzi nimwite lini?

Kabla ya kuanza. Mtu atakayetia saini mwisho anataka kuona kila kitu kabla hakijafunikwa, na ana haki hiyo. Ukimwita mwaka wa saba bawa limeshavalishwa, anaweza kukuambia likatwe, na hutakuwa na la kujibu. Wa kwetu alikuja mara 14. Mara nyingi alikaa dakika 20, akasema maneno mawili, akaondoka. Aliwahi kutusimamisha mara moja tu, kwa sababu ya waya wa kufungia nati uliosokotwa kwa upande unaoilegeza. Waya wa inchi 0.032 husokotwa mizunguko 6 hadi 8 kwa inchi, na mvuto wake lazima uwe wa kukaza.

Na nikichoka kabisa?

Malizia hatua uliyomo, funika, funga mlango. Usiuze ukiwa na hasira. Sisi tulifunga kwa miezi 11 mwaka wa tano, na tuliporudi hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Kosa gani la hatari zaidi wakati wa kuunganisha?

Kebo za usukani kuvuka mahali zisipotakiwa. Mabawa yanarudi, kebo nne zinatoka ukutani zikiwa zinafanana, unazifunga, fimbo inakwenda laini, eleroni zinapanda na kushuka. Kila mtu anafurahi. Lakini je, zinapanda upande sahihi?

Kwetu hazikupanda. Mwenzangu alikaa kitini akavuta fimbo kulia, mimi nikiwa nje nimeshika ukingo wa bawa la kulia, na eleroni iliyo mkononi mwangu ikashuka. Ilitakiwa ipande. Tuliangaliana kimya. Tulikuwa tumeitazama kwa wiki nzima ikicheza bila kuona chochote, kwa sababu tulikuwa tunatazama kama inacheza tu.

Sasa ukaguzi huo unafanywa na watu wawili, mmoja akisema kwa sauti anachokifanya na mwingine akisema anachokiona, na mara ya pili hufanywa na mtu ambaye hakushiriki kuunganisha. Fimbo kulia, eleroni ya kulia juu, ya kushoto chini. Fimbo nyuma, elaveta juu. Mguu wa kulia, usukani wa mkia kulia.

Siku ya kuruka inatangazwaje?

Haitangazwi. Watu wakiwa wamekuja na kamera utaruka hata upepo ukikukataza.

Kabla ya siku hiyo ndege hupimwa uzito juu ya mizani tatu ikiwa imenyanyuliwa mkia hadi usawa wa kuruka, na kitovu cha uzito huhesabiwa upya. Hesabu za 1946 hazina maana tena. Hupimwa pia mtiririko wa mafuta huku pua ikiwa imeinuliwa: kwa tangi linaloteremsha kwa uzito wake, mafuta yanayofika kwenye kabureta kwa saa yanapaswa kufikia asilimia 150 ya yale injini inayoyatumia wakati wa kupaa. Petroli huingizwa kwenye ndoo huku saa ikihesabu, na moto wowote uko mbali.

Injini yenye ringi mpya haipendi kungurumishwa ardhini. Itahitaji oili ya madini isiyo na viongezo kwa saa za mwanzo, na nguvu kubwa hewani ili ringi zikae, kwa hiyo majaribio ya chini yawe mafupi. Rubani awe peke yake, awe amezoea aina hiyo hivi karibuni, na asiwe wewe kama miaka 9 iliyopita uliitumia kushika msasa badala ya fimbo. Kwenye J-3 atakaa kiti cha nyuma, ndivyo mizani ya ndege hiyo inavyotaka anayeruka peke yake.

Yetu iliruka dakika 22, ikizunguka juu ya uwanja bila kwenda kokote. Ilipotua tulifungua vifuniko vya injini hata kabla ya kupeana mikono. Kulikuwa na tone moja la oili chini ya kifuniko cha valvu, silinda ya tatu. Skrubu ilikubali robo ya mzunguko.